Kidole Gumba cha Asnath

Mashine ya kusoma alama za vidole ilikikataa kidole gumba cha Asnath kwa mara ya nne. Miaka ya kusugua madumu ya mafuta ya alizeti kwa mchanga na majivu ilikuwa imefuta mistari yote. Ngozi iling'aa kama haragwe.

"Vidole vyote vimegoma, mama," alisema wakala. "Bila alama, wateja wako wa Dodoma hawawezi kukatwa fedha za mafuta kila mwezi kwenye simu zao. Tumsajili mzee, fedha ziingie kwa jina lake."

Mumewe alikuwa ameshafuta kidole chake kwenye suruali. Hakuwa na hila. Alitaka tu wawahi basi la Misigiri.

"Ni kidole tu, Asnath."

"Kama ni kidole tu, weka chako, jina liandikwe langu."

Wakala alicheka. "Hiyo haipo, mama."

Wateja walikuwa thelathini na wanne, wote wepesi wa kusahau. Bila usajili huo, angelazimika kumpigia kila mmoja, kila mwezi.

Asnath aliikunja fomu, akatoa simu yake ya kitochi, akampigia mteja wa kwanza.

"Shikamoo, mama mchungaji. Mafuta yako yapo tayari. Tuma fedha kwa namba hii hii ya siku zote, na likitokea jina langu, ndipo uthibitishe."