Jike Asiye na Doa

Tarehe kumi na mbili Julai. Ukungu mzito tangu alfajiri, na baridi ya kupenya mifupa.

Mama Madoa alipiga magoti kwenye sakafu yenye maji, tochi mkononi. Miaka tisa alikuwa akizalisha samaki chotara aina ya perege, akitafuta mwekundu asiyebadilika. Wote walianza vizuri, wanang'aa kama nyanya. Baridi ikifika, weusi uliolala ndani ya ngozi zao uliamka, wakatoka mabaka. Wenzake kazini wakampa jina la Mama Madoa, naye akalizoea.

Leo mgeni kutoka makao makuu alikuwa anakuja kufunga matangi. Mama Madoa alishaandika barua sita za kuomba muda. Hakujibiwa hata moja.

Akamulika tangi la mwisho. Wiki tatu za baridi, na jike mmoja alikuwa mwekundu tupu, mdomo hadi mkia. Ndugu zake wote wa tumbo moja walikuwa na mabaka. Yeye peke yake alirithi ngozi isiyo na weusi, na angeweza kuirithisha.

"Ee Mungu, umenisikia," alisema, akatoka mbio.

Mlangoni akapishana na mpishi, wavu begani.

"Mama Madoa! Nani kafa?"

"Hajafa mtu, kaka. Kazaliwa!"

Mkuu wa kituo hakuinua hata macho. "Dada, sina nafasi. Andika, utamsomea mgeni mwenyewe."

Akaandika mpaka saa saba mchana, kila mstari na dua yake. Alipoitwa, mgeni alikuwa anamalizia chakula, wafanyakazi wote wamesimama ukutani. Akasoma alichoandika.

Mgeni aliacha kutafuna. "Mmoja tu?"

"Mmoja tu, mheshimiwa. Lakini anatosha kuanzisha ukoo."

"Kamlete nimwone."

Akageuka kutafuta ndoo. Mpishi alimshika mkono, uso umemshuka.

"Dada," alinong'ona, "mkuu aliniambia nimchagulie mgeni samaki asiye na doa."

Mama Madoa akaigeukia sahani ya mgeni.

Mgeni alisukuma pembeni sahani yenye miiba ya samaki, akafuta vidole, akasimama. "Nyote hapa ni mashahidi wangu. Matangi hayafungwi. Na samaki huyo, naahidi mbele ya Mungu, hakuna mtu atakayemgusa."