Paa wa Mguu wa Kushoto

Kila Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, Biasha alijipenyeza chini ya uzio wa kampuni akiwa amefumbata mguu mmoja wa paa ndani ya kanga. Aliinama, akaugandamiza ukwato kwenye udongo wenye unyevu, akasogea hatua, akaugandamiza tena. Alimtembeza paa huyo mpaka kwenye kidimbwi, akamnywesha maji, kisha akamrudisha vichakani.

Mguu wenyewe ulikuwa mkavu kama ukuni. Marehemu mumewe alikuwa mtegaji, naye aliacha jozi ya miguu ya nyuma ikining'inia juu ya mlango kwa kamba ya usumba. Wa kulia ulichukuliwa na shemeji yake Ukasha, anayewauzia wageni chochote kilichokauka.

Hapo awali mahali hapo palikuwa malisho ya ukoo wa Biasha, pembezoni mwa Baleni, kisiwani Mafia. Kampuni ilipachimba kifusi cha barabara, na kifusi kilipokwisha ikarudisha udongo, ikapanda nyasi, ikazungusha uzio na kusimamisha bango lililotangaza kwamba bayoanuwai inarejea. Mkataba ulisema uzio hautaondolewa, wala kampuni haitachimba kwingine, mpaka ithibitike kwamba amerejea walau mnyama pori mmoja wa asili. Miaka mitatu ikapita. Nyasi zikafika kiunoni. Hakurejea yeyote isipokuwa panya, na panya, kwa mujibu wa mkataba, hakuwa na hadhi hiyo. Nje ya uzio, ng'ombe wawili wa Biasha walishinda wakizitazama nyasi. Mmoja alikuwa hawezi tena kuinuka bila kusaidiwa.

Ndipo paa aliporejea.

Mtaalamu wa kampuni, Bwana Feisal, alifika kila mwisho wa mwezi na rula, kamera na buti zisizojua tope. Alimwamkia Biasha shikamoo kwa adabu, akachutama, akazipima nyayo moja moja, akakuna kidevu.

"Mama, paa wenu ana tatizo. Anakanyagia mguu wa kushoto tu."

Biasha alijifunga kanga upya. Akajibu kwamba paa wa Mafia wamezoea shida.

Feisal akaandika kwamba ameonekana mnyama mmoja, huenda mlemavu. Akaeleza kwa masikitiko kwamba wakubwa wake hawatampokea mlemavu, hivyo atakuja kumtazama tena. Kabla ya kuondoka aliulizia mahali pa kununua zawadi za kupeleka nyumbani.

Jumatatu ya ukaguzi uliofuata, Biasha alipenya chini ya uzio, akaganda. Kandokando ya nyayo zake za juma lililopita kulikuwa na nyayo mpya, za mguu wa kulia, zikienda sambamba na zake mpaka kwenye kidimbwi.

Alikimbilia kwa jirani yake Safia, mtu pekee aliyeijua siri. Alimkuta aking'oa vigingi vyekundu ambavyo mtu asiyejulikana alikuwa amevichomeka katikati ya mihogo yake.

"Amekuja, shoga. Wa kweli. Ameingia kwa mguu wa kulia."

"Muislamu huyo," akasema Safia bila kuinua kichwa. "Wako alikuwa akiingia kwa wa kushoto, kama aendaye chooni."

Biasha aliona haya. Akaufungia mguu wake sandukuni, akapeleka sadaka ya maandazi madrasa, akaomba asamehewe kwa kumwigiza kiumbe wa Mungu ambaye kumbe alikuwa njiani.

Adhuhuri Feisal alipima, akapiga picha, akatia saini. Paa mzima, tena hachechemei. Kabla ya alasiri wafanyakazi wa kampuni walikwisha kuukunja uzio, na ng'ombe wakaingia. Yule dhaifu alipiga magoti penye nyasi za kwanza akala hapo hapo. Biasha alilia, wala hakujali ni nani anayemwona.

Feisal alimwomba amshikie begi alifunge nyuma ya bodaboda. Zipu ikaachia. Kutoka kati ya rula na kamera ukaanguka mguu mkavu wa paa, wa kulia, ungali na kitanzi cha kamba ya usumba.

Feisal aliuokota taratibu, akaupangusa vumbi, akaurudisha begini.

"Ule wa kushoto utuhifadhie, mama," alisema akipanda pikipiki. "Kwenye mihogo ya jirani yako nako tutahitaji paa."