Alama Mbele ya Mstari

Zamda alibakiwa na aya moja ya kusafisha katika mwongozo wa ufugaji nyuki alioandika pamoja na marehemu Kaingu. Siku zote walipokezana faili moja, na katikati ya aya waliachiana maneno yaliyotanguliwa na alama ya asilimia. Mashine ikiiona alama hiyo huuruka mstari, na msomaji hajui kwamba humo kulikuwa na watu wakizungumza.

"Maoni yote umeshafuta, dada?" aliuliza Mwakio, mchapaji, akiwa mlangoni.

"Limebaki moja."

Lilikuwa la Kaingu, kati ya sentensi mbili za kufukiza mzinga: *% Zamda, hapa pumzika. Chai nimekuachia kwenye chupa.*

Chupa yenyewe bado ilikuwa dirishani, tupu. Zamda akaitazama. Kisha, badala ya kuufuta mstari wa Kaingu, akaandika chini yake: *Siku hizi najipikia mwenyewe, Kaingu.* Akalituma faili.

Kurasa zilitoka zina joto. Mwakio alisoma, akamsogezea mmoja. Mstari wa Kaingu haukuwepo. Wa Zamda, aliosahau kuuwekea alama ya asilimia, ulikaa katikati ya aya, baada ya moshi na kabla ya nyuki, mweusi kama maneno mengine.

"Niutoe?" Mwakio aliuliza taratibu.

Kidole cha Zamda kilikuwa kikitafuta, juu kidogo ya jina la Kaingu, mahali ulipokuwa mstari wake. Lakini karatasi haikuacha hata nafasi.