Mteremko wa Mabamba

Mikaratusi iliyo juu yetu iliinama, na hapakuwa na upepo.

Sisi vijana wa uokoaji tunaijua ishara hiyo: mlima utaporomoka tena. Nikapuliza filimbi. Wote wakakimbilia barabarani na majembe yao, isipokuwa Immakulata. Yeye aliendelea kufukua tope lililomfukia mumewe. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeng'oka, wala hakuutazama.

"Shemeji, toka!"

"Yu hai, anaongea! Wewe unalinda watu au unalinda roho yako?"

Nikamshika kiuno. Akang'ang'ania mzizi.

"Basi mwambie mwenyewe kwamba tunamwacha."

Nikapiga magoti, nikasogeza mdomo kwenye tundu alilochimba. Kabla sijasema, sauti ikatoka chini:

"Jamani, mbona majembe yamenyamaza?"