Thelathini na Sita Nukta Tano

Kwa daktari aliruhusiwa kuingia tu mtoto ambaye mashine ya kupimia homa imempa namba kubwa, na tangu asubuhi hakuwa ameingia mtu. Mwanamke aitwaye Sikudhani alikaa benchini akitazama. Watoto watano walipimwa mbele yake, wote wakaambiwa namba ileile. Mwanawe Hamidu alikuwa akimuunguza kifua hata kupitia khanga.

"Thelathini na sita nukta tano," nesi akasema alipompima Hamidu. "Mzima huyu, mama. Mrudishe nyumbani."

"Hebu mshike shingo, nesi."

"Siku hizi hatushikishiki watu. Mashine mpya hii, ya wafadhili. Au wewe unajua kuliko mashine?"

"Mimi nimeishia darasa la saba. Basi ipime na hiyo chai yako."

Mama mmoja akacheka kwa pua. Nesi, ili amkomeshe, akaielekeza mashine kwenye kikombe kilichokuwa kikifuka mvuke mezani. Ikalia. Akaisoma kimyakimya namba ileile, akaigonga kiganjani, akapima tena. Benchi zima lilikuwa likimtazama mdomo.

Sikudhani akamfunua Hamidu shingo, akamsogeza. Mkono wa nesi ukaanza kuja, ukasita hewani.