Sinia la Kiapo

Tangu adhuhuri viongozi saba wa chama walikuwa wamelizunguka sinia la wali sebuleni kwa Bi Siwazuri, na hakuna aliyetia mkono. Wali ule ndio ulikuwa kiapo. Wakishaula pamoja, watoke wakawaambie wachukuzi waliojaa uani kwamba kesho Mzungu anang'oka. Lakini desturi ni mkubwa kutangulia kukata tonge, na kila mmoja wao alijiona mkubwa.

"Nyumba ya gavana nitakaa mimi," alisema Bwana Mahfudhi, "kwa hiyo naanza mimi."

"Wewe?" akadakia mwenzake. "Si juzi tu ulikuwa unawabebea Wazungu mwavuli?"

Nzi wakatua juu ya wali. Akasogea Bi Siwazuri, ambaye mumewe alifia gerezani kwa ajili ya siku hii. Akaliinua sinia.

"Unalipeleka wapi? Hatujala!"

"Kaeni hapo mmalize kugawana nyumba ya watu."

Uani akalitua chini. Hakuna aliyeuliza nani mkubwa. Mikono ikaingia yote kwa pamoja.

Ndani, wale saba walikuwa bado wamekaa duara, mikono imeoshwa, wameuzunguka mkeka mtupu.