Farasi wa Bi Saumu

Muuza farasi alimleta kwanza farasi wa mbegu ya jangwani, mrefu, anang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Bi Saumu akammezea mate. Ujana wake wote alipanda wa namna hiyo.

"Mama, kumbuka nyonga yako," bintiye Mwatime alimnong'oneza.

Bi Saumu aliuachia mkongojo wake uanguke chini, pa! Farasi akaruka kando, akikoroma.

"Mrudishe," akamwambia muuza farasi.

Wa pili alikuwa wa mbegu ya milimani, mfupi, tumbo kama pipa, manyoya yamemfunika macho. Mkongojo ukaanguka tena. Farasi akainama, akaunusa, akaendelea kutafuna majani yake.

Bi Saumu akatia mguu kwenye kikanyagio. Ukateleza. Farasi hakutikisika. Akajaribu tena, akijivuta, pumzi juu juu.

"Usinishike, mwanangu."

Alipotua kwenye tandiko, mgongo wake ulinyooka. Yeye na farasi wakatoka polepole, wakapita lango la soko.

"Mama! Mkongojo wako!"

Bi Saumu akapunga mkono bila kugeuka. Mwatime akabaki ameushika mkongojo, pale pale palipolainishwa na kiganja cha mamaye.